Sombe Iliyopondwa Mara Mbili

Yaya Masika,

Nakusalimia toka Keshero nikiwa nimesimama, maana kukaa bado kunanishinda. Tangu tumuzike mama sijalia. Natembea tu juu ya mawe ya volkano mpaka viatu vinaisha. Leo mama jirani ameniita nimupondee sombe. Nikachungulia kinu: majani ya muhogo yalikuwa laini tayari.

“Mama, hii imekwisha kupondwa!”

“Najua. Ponda tu. Kinu kikilia, hakuna mutu atakusikia wewe.”

Nikaponda, nikalia, nikaponda. Yeye alikata vitunguu bila kuniangalia. Halafu nikamaliza sahani nzima ya bugali.

Yaya, mukigawa vyombo vya mama, kinu chake musimupe mutu. Na usingizi ukikukataa, ponda, hata kama ndani hamuna kitu.

Mudogo wako,
Kavira