Tiki Tano

Dada yangu mpendwa,

Sijamwambia mtu mwingine: kwenye utafiti wetu wa vidonge vya zinki, kuna nyumba nilikuwa naijazia fomu bila kuingia.

Kazi yangu ni kupita kila siku kuwauliza akina mama kama mtoto amepewa kidonge, na kama ameharisha. Mama wa nyumba hiyo alinitania mbele ya majirani kwa sauti yangu ndogo: "Bubu wa vidonge kaja, mleteeni kipaza sauti." Wakacheka. Siku tano zilizofuata nilisimama nyuma ya ukuta, nikaweka tiki penye "mzima", nikaenda zangu.

Siku ya sita nilifika na daktari wa utafiti. Mtoto alikuwa amezikwa asubuhi.

"Ameharisha siku tano," mama alisema. "Kila siku namngoja huyu binti nimuulize nifanyeje. Hakuja."

Daktari akafungua faili. "Mbona hapa zote ni mzima?"

Dada, mimi niliyekuwa siwezi hata kunyoosha mkono darasani, nilisema kwa sauti: "Nilimwona kila siku, daktari. Alikuwa anacheza."

Mama akahesabu siku kwa vidole, akarudia, akapoteza hesabu. "Labda nimechanganya," alisema.

Njiani daktari alisema wafiwa hutafuta wa kumlaumu, na kwamba fomu zangu ni safi kuliko za wote.

Msalimie shemeji. Haya yabaki kwako, hata mama yetu usimwambie. Anajivunia sana kazi yangu.

Mdogo wako