Siku Kumi na Tisa za Mwezi wa Nane

Jumatatu, 10 Novemba

Asubuhi mawingu mepesi, hakuna upepo. Kipimo saa kumi na mbili: mita 0.64. Jioni: 0.63.

Daktari amekuja. Huu ni mwaka wa pili anautumia mto wetu, ubao wa kipimo pale darajani na daftari langu la kijani, ninamojaza kina cha maji kwa ajili ya ofisi ya maji. Anachunguza maji ya juu ya ardhi – mito, vinamasi, mabwawa – na jinsi yanavyobadilika hali ya hewa ikibadilika. Udaktari alishaupata, huu ni utafiti wa baada ya hapo. Siku ya kwanza nilimwambia, kumbe masomo yana baada ya mwisho! Alicheka sana. Akasema hata mama yake bado anawaambia watu binti yupo shule.

Fundi baiskeli wa darajani alimvizia tena kuhusu goti lake. Daktari akamwambia, baba, mimi ni daktari wa maji. Fundi akakunja suruali: "Basi goti limekupata. Hili limejaa maji tupu!" Tulicheka wote, mimi kuliko wote.

Kisha Daktari akafungua kompyuta ukingoni mwa daraja na kicheko kikaniishia.

"Dada, njoo uone," akaniita. Mistari miwili, mwekundu wa mwaka jana, wa bluu wa mwaka huu. Mwaka huu mvua ilikuwa nusu. Mwezi wa nane mto ulitakiwa kuporomoka. Haukuporomoka. Mistari inatembea pamoja kama pacha. Anasema lazima kinamasi cha kule juu kinashikilia maji chini kwa chini na kuulisha mto hata mvua ikikosa. Hakutegemea kuliona hilo kwenye mto mdogo kama huu. Na kile kifaa cha kujipimia kilichofungwa chini ya daraja kilikufa betri mwezi huohuo! "Bahati tuna wewe, dada. Wewe huishiwi betri."

Nikasema asante. Asante!


Jumanne, 11 Novemba

Rasharasha alfajiri, ikakatika. 0.66. Jioni 0.65.

Niandike, basi. Hapa angalau niandike.

Tarehe 7 Agosti binti yangu alijifungua. Nilikwenda kwake kwa siku tatu, nikakaa kumi na tisa. Binti hakuumwa. Mtoto hakuumwa. Ningekuwa na mgonjwa ningejitetea. Nilikuwa na mjukuu wa kwanza kifuani, ananuka maziwa, na kila asubuhi nilisema kesho narudi.

Kanuni naijua, nimeitia saini: siku usiyosoma, piga mstari. Mstari tu! Hakuna anayegombezwa kwa mstari. Lakini miaka sita sikuwahi kupiga hata mmoja. Mkaguzi wa ofisi ya maji aliwahi kuwaonyesha wasomaji wengine kurasa zangu, akawaambia fanyeni hivi. Niliporudi tarehe 26 sikuweza kuipiga mistari kumi na tisa. Nikafungua daftari la mwaka jana, siku zilezile, nikanakili namba zake na kutoa sentimita mbili. Mahali pengine moja, pengine tatu, isionekane. Nikabadilisha na kalamu, siku chache nyeusi, siku chache bluu. Mtu makini mimi. Makini hata katika uongo.

Tarehe 25 ilikuwa imenyesha mvua kubwa, maji yakapanda. Kwa hiyo namba zangu ziliungana vizuri na za kweli. Mto wenyewe ulinisaidia kuficha.

Nilidhani namba za zamani hazina anayezisoma. Unaandika, unapeleka, zinalala kwenye kabati. Kumbe zilikuwa zinamngoja Daktari.

Na yeye anaona pacha kwa sababu ni pacha. Mwaka jana umeandikwa mara mbili.


Jumatano, 12 Novemba

Jua kali tangu asubuhi. 0.62. Jioni 0.61.

Nilipopita, fundi alitazama saa yake kama kawaida. Ananiita Kumi na Mbili, huirekebisha saa yake kwangu. Leo akasema mbele ya Daktari: "Huyu ndiye saa yetu. Ila mwezi wa nane alituacha gizani, saa yangu ikachelewa wiki nzima!"

Daktari alikuwa ameinama anabadilisha betri ya kifaa. Sijui kama alisikia. Nikamwambia fundi kwa sauti, uwe unanunua betri na wewe. Akacheka. Nikacheka.

Lakini Daktari alipokwenda kuegesha gari kivulini nilirudi kwa fundi taratibu. Nikamuuliza, mwezi ule mto ulikuwaje? Akanishangaa. "Mto gani, dada? Watu walikuwa wanavuka bila kuvua viatu. Mimi nilipitisha baiskeli, maji hayakugusa hata mnyororo."

Bila kuvua viatu. Na mimi niliandika 0.41.

Daktari ataisoma ripoti yake Ijumaa saa nne mbele ya ofisi ya maji. Wakiridhika, anaongezewa miaka miwili. Si hilo tu. Kuna pampu kubwa kule juu zinazovuta maji ya mto, ambazo huzimwa miezi ya kiangazi. Anasema kama mto unastahimili hivi, huenda wataruhusu ziendelee kuvuta. Alisema huku anakunja waya wake, kama mtu anayetoa habari njema.

Wakiruhusu, mwakani mwezi wa nane hakutakuwa na cha kuvuka.

Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama anataka chai.


Alhamisi, 13 Novemba

Sijalala. Ukungu asubuhi, ubao ulionekana ukiukaribia tu. 0.60, nimeisoma mara tatu.

Daktari alikuwa ameshafika, na koti lake la mvua, anaangalia kama betri mpya imekaa sawa. Nilikuwa nimejipangia maneno usiku kucha – kwanza mjukuu, halafu kanuni, halafu msamaha. Yote yakapotea. Nikasema: Daktari, mwezi wa nane sikuwepo. Kuanzia tarehe saba hadi ishirini na tano. Zile namba nilizitoa kwenye daftari la mwaka jana.

Akatabasamu kwanza, kama mtu aliyeambiwa utani ambao haujaisha. Nikasema tena. Nikamweleza na ile ya kupunguza sentimita. Na kalamu.

Ningependa angefoka. Alikaa juu ya boksi la kifaa, akafungua kompyuta, akaitazama ile mistari muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, nimeionyesha kwa profesa wangu. Ameshawaandikia watu.

Nikamwambia alivyosema fundi kuhusu viatu na mnyororo. Akaandika. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea, pamoja na kukesha kote kule.

"Na siku nyingine, dada?"

Nikasema nyingine zote ni za kweli. Miaka sita, asubuhi na jioni, mvua ikinyesha, homa ikinishika. Naapa.

"Nitajuaje?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza chochote kuhusu mto. Kurasa za kweli na za uongo zina mwandiko mmoja, usafi mmoja. Ningekuwa na mstari hata mmoja, hata sehemu iliyokwaruzwa, angekuwa na kitu cha kuniaminia.

Fundi alikuwa amefika, anapanga spana zake. Akasikia mwisho. Akasema, mimi huwa namwona kila siku, iulize saa yangu. Daktari akamwamkia vizuri, lakini hakucheka. Safari hii na fundi hakutaja goti.

Amechukua madaftari yote sita. Nilimsaidia kuyabeba hadi kwenye gari. Nilimwambia samahani kupitia dirishani, akasema nimesikia. Hakuniita dada.

Mchana binti amepiga simu. Mjukuu ameanza kucheka na watu. Akaniuliza, mama, mbona sauti imekwisha? Nikasema mafua. Namba nyingine hiyo ya kubuni. Siwezi kumwambia kosa lilianzia kwake, na halikuanzia kwake.

Saa kumi na moja na nusu nikajiuliza kama kazi bado ni yangu. Hakuna aliyeniambia niache. Nikaenda. 0.59. Daftari la kijani sina, ndiyo maana naandika hapa tu. Fundi alitazama saa yake, akasema taratibu tu, "Kumi na mbili kamili."

Sasa hivi Daktari ametuma ujumbe. Mstari mmoja: Kesho asubuhi usisome mpaka nije.

Mpaka nije. Anakuja kusimama nami ajionee ninavyosoma? Au anakuja kuchukua ufunguo wa boksi la kifaa, ninaoutunza mimi? Na saa nne atasimama mbele yao na nini mkononi? Nimeandika jibu mara nne, nikafuta. Mwishoni nimempelekea tu: 0.59, jioni, nimeiona kwa macho yangu.

Alama inaonyesha amesoma. Hajajibu.

Macho yanafumba yenyewe. Nalala saa mbili.

Hapana. Saa mbili na dakika saba. Nimetazama.