Kiti cha Mama Birika

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, nikitumaini kwamba nawe u mzima, kwamba goti limepunguza hasira zake na kwamba cherehani haikunyimi usingizi. Baba naye mpe shikamoo yake. Umsomee barua hii polepole, maana najua atajifanya anasinzia ilhali masikio yako macho.

Katika barua yako ya mwisho umeniuliza ni kazi gani hasa ninayofanya katika chumba kisicho na dirisha, na kwa nini binti aliyesomeshwa mpaka macho yakadai miwani anakaa gizani akitazama mistari. Umesema shangazi haachi kuuliza, nawe umechoka kumjibu kwamba ninasoma mwanga. Leo nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu ndani ya jibu hilo imo habari nyingine, nayo haifai kuingia bila kufunguliwa mlango.

Zaidi ya karne moja iliyopita, mama, wataalamu waliamini kwamba mwanga hauwezi kusafiri pasipo kitu cha kuubeba. Sauti hubebwa na hewa, wimbi hubebwa na maji. Basi mwanga nao, walisema, lazima ubebwe na kitu kilichojaa ulimwengu mzima, kisichoonekana wala kushikika. Wakakiita etha. Na kama dunia yetu inakimbia ndani ya etha, basi upepo wake lazima utupige, kama unavyompiga usoni mwendesha baiskeli hata siku ambayo majani yametulia. Watu wawili wakaunda chombo cha kuunasa upepo huo. Waliugawa mwanga mmoja ukawa miwili, wakautuma kwenye njia mbili zilizopishana kama pembe ya meza, kisha wakaukutanisha tena. Mianga hiyo ikikutana huchora mistari ya giza na nuru, mfano wa kitambaa cha milia. Upepo wa etha ungeichelewesha njia moja kuliko nyingine, na milia ingesogea. Wakakizungusha chombo chao pande zote, wakatazama kwa subira kubwa. Usogevu waliouona ulikuwa mdogo mno kuweza kuitwa upepo.

Kwa muda mrefu watu waliliona jibu hilo kama msiba. Baadaye akaja kijana mmoja, karani katika ofisi ya kusajili uvumbuzi, akasema hatuihitaji etha hata kidogo. Mwendo wa mwanga katika utupu, alisema, ni ule ule kwa kila mpimaji, awe ametulia au anakwenda mbio. Vinavyobadilika ni vile tulivyoapa kwamba havibadiliki, yaani urefu wa vitu na mwendo wa saa. Wanahistoria wangali wanabishana kama lile jaribio la milia ndilo lililomsukuma au la, nami sitaingia katika ugomvi wa wakubwa. Miaka ikapita, jua likapatwa, wapimaji wakaona nyota zilizo karibu na ukingo wake zimesogea kutoka mahali pake kama alivyotabiri. Wengine nao wakatufundisha kwamba mwanga huo huo hutolewa kwa vipande visivyokatika, kama vifungo vya shati: utashona vitatu au vinne, hutashona vitatu na nusu. Fizikia ya leo ni mtoto wa vurugu hizo.

Sasa nije kwa Mwalimu wangu. Wewe unamjua kwa sifa tu: mzee mrefu, mpole, anayesahau kofia kila aendako. Wanafunzi humwita Mzee Upepo, na jina hilo alibandikwa na mwenzake wa idara hiyo hiyo, bwana mwenye ulimi kama wembe. Zamani sana Mwalimu alikitengeneza upya chombo kile cha njia mbili ili awaonyeshe wanafunzi kwa macho yao kwamba hakuna upepo wa etha. Akakifunika kwa sanduku la mbao, akakiweka kielee juu ya zebaki ili kizunguke bila kutikisika, akatazama katika darubini ndogo. Milia ikasogea. Kidogo tu, lakini ilisogea, na kila mara chombo kilipoelekea upande mmoja. Akarekebisha, ikasogea. Akabadilisha vioo, ikasogea. Mtu mwingine angeona aibu akaacha. Yeye alisema kwamba kitu kinachobisha hodi kwa adabu namna hiyo kinastahili kufunguliwa, na akaendelea kukifungulia mpaka nywele zikawa nyeupe.

Mimi nilipokuja kuwa mwanafunzi wake, tuliunda chombo bora zaidi, na usogevu ule haukuondoka. Hapo ndipo tasnifu yangu ilipopata mwili. Jopo lilikuwa likae mwezi huu kunipa shahada ya udaktari, na wiki ile ile Mwalimu alialikwa kuutangaza usogevu wake mbele ya kongamano la wanafizikia. Unaelewa basi, mama, kwamba jina lake na langu yalifungwa kamba moja.

Kuna mtu wa tatu. Mwalimu ana mke, bibi mdogo wa umbo, mcheshi, ambaye chuo kizima humwita Mama Birika. Hawakujaliwa mtoto. Kila alasiri, mashine za karakana jirani zinapozimwa na sakafu inapoacha kutetemeka, sisi huanza kupima. Na saa hiyo hiyo Mama Birika huingia na birika la chai, humimina, kisha huketi kwenye kiti chake kando ya ukuta wa mashariki, karibu na chombo, akifuma sweta gizani kwa vidole tu. Mwalimu hapimi mpaka amsikie ameketi. Nilipomuuliza sababu, alisema mkono wake hautulii bila sauti ya zile sindano. Sisi wapimaji tulijihesabu kwa uangalifu mkubwa: tulisimama nyuma ya pazia zito, tulivaa glavu, tulizuia pumzi tukiinama kwenye darubini. Yeye hakuna aliyemhesabu. Alikuwa sehemu ya chumba.

Miezi michache iliyopita Mama Birika alisafiri kwenda kumuuguza dada yake. Alipoondoka, milia ikatulia. Mwalimu alihangaika kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Tulifungua kila skrubu, tulipangusa kila kioo, na milia ilikaa kimya kama maji ya mtungini. Alianza kuamini kwamba nimekiharibu chombo, ingawa kwa upole wake hakulitamka. Kisha bibi akarudi. Alasiri ya kwanza akamimina chai, akaketi, akatoa sindano zake, na milia ikasogea. Mwalimu alifurahi mno. Akamwambia, "Chombo kilikuwa kimekukumbuka, mke wangu." Naye akajibu, "Afadhali hicho. Wewe hukuniandikia hata mstari mmoja."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka, mama. Ule mzaha ulikuwa kweli.

Asubuhi iliyofuata, wakati Mwalimu yuko darasani, nilikwenda karakana nikamwomba fundi mkuu anisaidie. Huyo tunamwita Fundi Tani, na ukimwona hutauliza sababu. Nilimwomba azime mashine zake kwa muda, aje akae kwenye kiti cha ukuta wa mashariki, asifanye lolote. Alilalamika njia nzima kwamba amesomea ufundi ujana wake wote, na leo anaitwa kwa utaalamu wa kukaa. Akaketi, kiti kikalia. Nikainama kwenye darubini, nikakizungusha chombo, nikasubiri. Milia ikasogea upande ule ule, zaidi kuliko ilivyowahi kusogea kwa bibi. Nikamwomba atoke nje. Baada ya muda ikarudi mahali pake. Joto la mwili wake lilipenya ubao mwembamba wa sanduku na kupasha hewa katika njia moja ya chombo, basi mwanga ukabadilika mwendo kidogo humo. Hapakuwa na etha, mama, wala upepo. Kilichokuwapo ni mtu ameketi. Fundi Tani aliniuliza kama amefanya vizuri. Nikamwambia amefanya vizuri mno.

Nilimweleza Mwalimu siku ile ile. Hakubisha. Aliniomba nikae kwenye kiti, akatazama yeye mwenyewe kwa muda mrefu, mpaka shingo yangu ikauma. Aliponyanyuka alivua miwani akaipangusa, ingawa ilikuwa safi. "Tasnifu yako, mwanangu," alisema, "imesimama juu ya kiti cha mke wangu." Kisha akauliza kama Mama Birika ameambiwa. Nilipojibu kwamba bado, aliniomba asiambiwe kamwe. Kazi yake kupotea, alisema, yeye angeistahimili. Alichokiogopa ni mkewe kuamini kwamba kwa upendo wake wa kila alasiri ndiye aliyeipoteza.

Siku ya kongamano ukumbi ulijaa. Mama Birika alikaa safu ya pili, kavaa vizuri, maana hakuwahi kuikosa hotuba ya mumewe. Mwalimu alizungumza bila karatasi. Alisimulia habari za etha kama nilivyokusimulia, ila kwa ufasaha nisioweza kuufikia. Alisema waliotafuta na wasipate waliitumikia elimu sawa na waliopata, kwa kuwa neno "hakuna", likisemwa kwa uaminifu na mtu aliyetazama vizuri, hufungua njia ambayo "ndiyo" ya uongo ingeiziba. Kisha, bila kupandisha sauti, akasema kwamba yeye mwenyewe aliona usogevu kwa miaka mingi, na leo amekuja kuueleza: ulitokana na joto la mtu aliyekuwa akiketi karibu na chombo. Akashukuru, akataka kushuka.

Yule bwana wa ulimi wa wembe aliinua mkono. Aliuliza ni mtu gani huyo aliyeachwa kukaa kando ya chombo cha namna hiyo, miaka nenda miaka rudi, bila yeyote kumtilia maanani. Mwalimu alijibu kwamba aliyeacha ni yeye, na lawama ni yake. Bwana yule akasema hakuuliza aliyeacha, ameuliza aliyekaa. Ukumbi ukangoja.

Ndipo Mama Birika aliposimama, birika lake halipo, mkoba kaukumbatia kifuani. "Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nampelekea chai."

Hakuna aliyecheka. Yule bwana alimtazama, kisha akainamisha kichwa, akaketi taratibu kama mtu aliyeingia msibani bila kujua.

Tuliondoka ukumbini watatu pamoja. Tulipofika kwenye ngazi za maktaba bibi alimwambia mumewe kwamba angeambiwa mapema angevaa nguo nyingine, kwa sababu si kila siku mtu hutajwa mbele ya wanafizikia. Kisha akasema hatakanyaga tena katika chumba kile. Mwalimu alisimama. Sijapata kumwona akimshika mkono mbele za watu, lakini siku ile alimshika.

"Utakuja kama kawaida," alimwambia. "Tutapima kabla hujafika, na tutapima ukiwa umeketi. Kukaa kwako hakukuwa kosa. Kosa letu ni kwamba hatukukuhesabu."

Sasa, mama, nifike kwenye lile lililonifanya nizunguke mbali hivi. Kabla ya kongamano Mwalimu alinipa njia ya kutokea. Alisema yuko tayari kuugua siku chache, kongamano limpite, ili jopo likae kwanza, nami nipate shahada yangu kabla ukweli haujatangazwa. Hakuna ambaye angejua. Nilitamani, sitakuficha. Nilikwisha kulisikia neno "daktari" likitangulia jina langu, kwa sauti yako wewe. Hata hivyo niliikataa njia ile, nikaenda mwenyewe mbele ya jopo, nikaiondoa tasnifu yangu. Mwaka huu sitakuwa daktari. Sijui kama nitakuwa mwaka ujao.

Najua umekwisha kuwaambia majirani. Najua na gauni umekwisha kulikata, kwa sababu baba ameshindwa kutunza siri. Naumia kwa ajili ya gauni hilo kuliko kwa ajili ya shahada. Lakini ni wewe niliyekuona, nikiwa bado mdogo wa kukaa chini ya meza yako, ukifumua mshono mzima kwa sababu ulikwenda upande, na mteja amesimama mlangoni akisema hautaonekana. Ulimwambia wewe umekwisha kuuona. Nimefumua, mama. Naanza kushona upya: nitaandika juu ya joto, na jinsi lilivyowahadaa wapimaji wa mwanga, sisi tukiwa wa kwanza katika orodha. Ni kazi ndogo kuliko ile ya kuuvumbua upepo wa ulimwengu, ila hii itasimama kwa miguu yake.

Shangazi akiuliza tena, usimfiche. Mwambie nimerudi nyuma ili niende sawa. Akicheka, mwache acheke, kicheko chake ni dawa ya nyumba. Mdogo wangu nambusu kichwani, na jirani wa mkono wa kulia umpe salamu zake kabla hajazidai. Mama Birika anakusalimu sana. Ananifumia sweta, na ameniagiza nikuulize mabega yangu hupanuka kwa kiasi gani wakati wa baridi, kwa kuwa anasema mimi sijui lolote kuhusu mwili wangu mwenyewe.

Nabaki mimi binti yako akupendaye, ambaye bado ni mwanafunzi.