Mkwe Kaniletea Maksai, na Kivuli Ni Kimoja

Mpendwa Mama Nakuleu,

Nakusikiliza redioni kila Alhamisi na leo ni zamu yangu kuomba msaada, maana jambo hili nikiwaambia wenzangu ofisini wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi ni mtu wa Siaya, nafanya kazi ya serikali hapa Lodwar, nimeoa binti wa Kiturkana, Akoru, mahari nilimaliza, tunaishi vizuri, ila nina ugonjwa mmoja, napenda gari. Ni Celica ya zamani ya milango miwili, ile ya chini chini yenye taa zinazochomoza, nililipata Kitale limetupwa nyuma ya gereji na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, nikalileta huku juu ya lori, na tangu hapo kila jioni navua shati naingia chini yake. Injini nimeifungua na kuifunga mwenyewe uani, sakafu iliyoliwa na kutu ilichomelewa na fundi Atem wa Kakuma, rangi nyekundu nimepiga mwenyewe baada ya kusugua kwa msasa hadi vidole vikawaka moto. Jua letu unalijua, kwa hiyo nimelijengea kibanda cha miti na turubai, ndicho kivuli pekee uani, na vumbi nalo napigana nalo, chujio la hewa nalitoa kila wiki nalikung'uta. Jumapili tukitoka kanisani namchukua Akoru tunafuata lami mpaka Kakuma, tunakunywa chai kwa Wasomali, tunarudi, na barabarani pale, Mama, huwa nimeridhika kuliko mtu yeyote Kenya hii.

Tatizo lilianza baba mkwe, mzee Lochakapong, alipotoka Lorugum kututembelea, akaketi kwenye kigoda chake akinitazama nalisugua gari huku naimba kidogo kama kawaida yangu. Akauliza, "Hii kitu wewe naimbia, nakupa maziwa?" Nami kwa utani nikajibu, "Baba, hii ndiyo maksai yangu." Jioni aliomba nimzungushe mjini, nikasema breki ni mbovu, uongo huo, kusema kweli shuka lake lilikuwa na mafuta ya kondoo na viti nilikuwa nimetoka tu kuvishonea kitambaa kipya cha kijivu, lakini hilo ni dogo, nalitaja tu ujue siku ilivyokwenda.

Wiki iliyofuata pikapu ikasimama mlangoni, mzee ndani, na nyuma maksai mwekundu, mkubwa, pembe zimepindwa kwa ufundi. "Mwanaume hapana kaa bila maksai," akasema. "Sasa wewe naitwa Apaloreng, mwenye ile nyekundu." Majirani wakapiga vigelegele, Akoru akalia, na mimi nilifurahi kwa dhati, maana miaka yote hii hakuna aliyewahi kunipa jina la huku. Lakini mzee kaenda zake na maksai kabaki. Anasimama kibandani mchana kutwa, amejikuna kwenye kioo cha pembeni mpaka kikang'oka, pembe imechora mlango, na boneti anairamba sijui ameonja nini. Nikimfunga juani majirani wananong'ona. Nilipotaja kumrudisha, Akoru akasema, "Ukirudisha hiyo ng'ombe kwa baba, rudisha mimi pia." Mama, nampenda mke wangu na gari nalipenda, nifanyeje?

Omollo, Lodwar

Ejok, hujambo Apaloreng,

Nimecheka, nisikufiche, halafu nikakukasirikia. Mwanamume wa huku huchagua maksai mmoja, humpinda pembe, humtungia wimbo, na watu humwita kwa jina la rangi yake. Wewe ukamwambia mzee kwamba chuma ndiyo maksai yako! Ulidhani unatania, yeye akaona mkwe wake ni maskini kiasi cha kuimbia bati. Akaenda zizini akatafuta mwekundu, afanane na gari lako. Hukuliona hilo? Alikuwa amekutazama vizuri.

Lakini nani alikutuma umfuge chini ya turubai? Mnyama atakonda kwa sababu unaona aibu kuuliza. Mtu akipewa ng'ombe na hana malisho, humwomba mwenye kundi amchungie. Maksai anabaki wako, jina linabaki lako, na unapata sababu ya kwenda kumsalimu mzee. Akoru amekasirika kwa haki, kwani kurudisha zawadi ni kukata undugu. Mwambie leo leo kwamba unampeleka malishoni, uone kama hatakupikia.

Sasa hasira yangu. Umeandika weee kuhusu msasa na chujio, halafu ukapenyeza katikati kwamba mzee aliomba kupanda gari ukamdanganya. Ati hilo ni dogo! Mtu uliyemnyima kiti kwa sababu ya shuka lake ndiye aliyekuletea mnyama bora wa zizi lake. Na usidhani alidanganyika. Si alisikia kwa binti yake mnavyokwenda Kakuma na kurudi kila Jumapili? Alijua, na bado akaleta. Hapo nilivua miwani nikamwonea mzee uchungu.

Tafuta pikapu, maana hilo lako la chini litakwama kwenye laga ya kwanza, mto mkavu, mchanga haujui Celica. Beba tumbaku, sukari na majani ya chai. Akoru akae mbele na dereva, wewe panda nyuma umshike maksai wako. Ukifika usitoe hotuba. Mwombe baba amchunge, kisha mwombe akufundishe kumtungia wimbo, kwa sababu mwenye maksai asiye na wimbo ni kichekesho. Lala huko, na asubuhi mrudi na mzee Lodwar.

Mchoro wa mlango utaupiga rangi baadaye. Mfungulie baba mlango wa Celica akae mbele, Akoru akae nyuma, na usitandike kitu kitini, si leso, si gazeti, si nailoni. Nikisikia umetandika nitakutaja jina hewani. Teremsha vioo, mpeleke Kakuma, muagizie chai. Kabla haijapoa mwambie, "Baba, siku ile breki zilikuwa nzima." Halafu ufunge mdomo, umwache aseme yeye.