Ubao wa Mawimbi

Shoga, nina wivu na ubao. Ubao!

Nimemfuma mume wangu karakanani anaupaka nta taratibu, kama anampaka mtoto mafuta. Nikamuuliza, "Ndiyo nini hii?"

"Sefubodi, mama watoto. Ubao wa kusimamia juu ya mawimbi. Nta ni ili miguu isiteleze. Huko visiwa vya mbali ubao huu ulikoanzia, zamani hata wafalme waliusimamia."

Wafalme! Na mimi, mke wa seremala, kitanda changu kinasimamia tofali tangu mguu uvunjike!

Halafu akaupuliza vumbi, akautabasamia. UBAO! Mimi hajanitabasamia hivyo tangu harusi.

Basi alipoingia kuoga nimeulaza kitandani, upande wangu, nikaufunika shuka vizuri.

Niko mlangoni kwako na begi. Fungua.