Mama Atazikwa Kikatoliki

Magwagwa, Nyamira
14 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Ochoki,

Habari za huko Minnesota? Baridi imepungua? Emily na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima, ila moyo bado unachemka. Chai imechipua vizuri kwa mvua hizi. Pole tena kwa kumlilia mama ukiwa mbali.

Ujumbe wako nimeusikia. Unataka nimsamehe kaka Mogire. Thubutu! Wewe hukuwepo. Mama aliomba Padri aje ampake mafuta ya wagonjwa, na Mogire, mzee wa kanisa mzima, akasimama langoni pale nyumbani Gesima akamrudisha, eti hili ni boma la Wasabato. Mama alisikia yote akiwa kitandani. Alikata roho akiuliza kama Padri amefika. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini.

Kisha akataka kumzika kwa kwaya yake! Nikamburuta mahakamani. Mimi ni Msabato kama yeye, lakini mama alibatizwa Jacinta kwa hiari yake, tayari ana mvi, na Katiba inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Hakimu alimwuliza kaka kama mama alikuwa mtoto wake hata amchagulie dini. Lo, nilifurahi! Ikaamuliwa azikwe na kanisa lake mwenyewe.

Nikaona haitoshi. Padri aliniachia nichague siku, nikachagua Jumamosi, makusudi. Nilijua Mogire hawezi kuja mazishini siku ya Sabato. Na yeye aonje! Hata Sabato yangu nilikuwa tayari kuivunja.

Jana alikuja kwangu, akapiga magoti jikoni analia, "Persis, usinitenge na mama." Sikumwinua. Alipoondoka nikaona ninamfanyia yale yale aliyomfanyia mama, kumbana kwa dini yake. Nilikereka kweli, maana nilitaka nifurahi.

Basi nimemwomba Padri iwe Alhamisi.

Wasalimie Emily, Brandon na wote wanaotukumbuka. Shangazi Drusilla anawasalimu sana. Mungu awafunike huko ugenini.

Lakini usianze kushangilia, sijasamehe. Mogire ataketi mstari wa mbele, na ingawa ni kifungua mimba, kipaza sauti hatakishika. Misa nzima atamsikia Padri akimwita mama Jacinta, na hatakuwa na Sabato ya kujifichia.

Dada yako, anayekupenda hata akiwa na hasira,
Persis