Stoo Niliyoiita Duma

Jumatano. Voi. Jua linapiga mpaka mabati yanalia.

Nianze na ukweli ambao wenye wivu hawataki kuusikia: kutoka Njukini mpaka hapa Kaloleni hakuna kichwa kama changu. Wengine wanaomba mvua, mimi nimejenga wingu. Shule niliiacha kidato cha pili, na sidhani imewahi kupona.

Wingu lenyewe ni kompyuta tatu kuukuu ndani ya studio ya picha ya Mjomba Mwakio. Nimeziunganisha zifanye kazi kama moja. Mtu analeta picha na video zake, tunamtunzia humo, simu ikiibwa anakuja kuchukua vitu vyake.

Lakini wingu halijui mzigo uende wapi mpaka uliambie. Hapo ndipo huwa naringa. Nimelipangia stoo mbili kwa maagizo niliyoandika laini kwa laini, mimi mwenyewe. Ya kwanza inaitwa Ndovu: diski kubwa, inameza kila kitu, ila inatembea kama imeshiba. Ya pili ni Duma. Ukimpa Duma video, mstari wa kijani kwenye kioo unaruka mpaka mwisho kabla hujapepesa macho. Wateja hupiga makofi. Mjomba naye: "Huyu ni damu yangu huyu!"

Leo sijaringa.

Mama Mkamburi anauza mboga sokoni Mwatate. Wiki jana alileta simu imejaa, inaganda ganda. Mle ndani mlikuwa na video za marehemu mume wake. Alijirekodi akiwa mgonjwa, akimwongelesha mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mtoto sasa ameanza kusema.

"Kijana wangu, hizi zisipotee."

"Mama, unaongea na benki. Enda ulale usingizi."

Nikazihamisha, mstari ukaruka, nikaifuta simu ikawa nyepesi. Akaniombea baraka, akaniachia fungu la mnavu.

Jana stima ilipotea, ikarudi. Kawaida yetu.

Leo asubuhi akaja na mtoto. Amemvalisha gauni la kanisani, kama mtu anayepelekwa kutembelea mgeni mkubwa. Nikavuta kiti, nikafungua Ndovu. Kulikuwa na harusi za watu na mazishi ya watu. Nikafungua Duma.

Tupu.

Nilihangaika na simu yake ile niliyoifuta mpaka adhuhuri, nikitafuta hata mabaki. Hakuna. Mtoto alikuwa ameambiwa babake yuko ndani ya kompyuta. Akakigonga kioo kwa kidole, polepole.

"Baba, toka."

Nikasema ni stima. Ilinitoka tu. Mjomba akadakia, "Hii stima yetu ni shetani, mama." Mama Mkamburi akatikisa kichwa, akanishika bega. "Basi si makosa yako, mwanangu. Usilie."

Sikujua kama nalia.

Afadhali angenitukana. Angenirushia hata kile kiti. Badala yake alimbeba mtoto mgongoni, akashukuru, akaenda kutafuta gari la Mwatate. Tangu hapo sijala. Wateja wote wa leo wamesimuliwa, wote wameilaani stima, na mimi nimekaa pale nikiitikia.

Lakini stima haina hatia.

Duma hana diski. Anaishi kwenye memori ya kompyuta, ndiyo maana ana kasi ile, na kompyuta ikizima anaamka hana kitu. Nilimuunda wa kujaribia tu. Kuna laini moja kwenye mipangilio inayosema mzigo usiochaguliwa stoo uende wapi. Mwanzo ilisema Ndovu. Nikaibadilisha ikasema Duma, ili watu wanione mwepesi, nikajiambia nitairudisha jioni.

Sikusahau. Kila jioni niliiona laini ile, nikajua inamaanisha nini, nikaiacha vilevile.